Boti Iliyoishiwa Nguvu Mbwemkuru

Mwezi ule wa Aprili 1983, gari la serikali likisimama mbele ya nyumba ya mtu, majirani hawakutoka kutazama. Walirudi ndani. Redio ilikuwa imeshinda wiki nzima ikitangaza wahujumu uchumi waliokamatwa, na Nachingwea kila mtu alijua kwamba katoni moja ya sabuni iliyozidi ingeweza kukupandisha karandinga. Wapo waliomwaga sukari chooni. Kwa hiyo Landrova ilipokata kona na kuzima injini mbele ya gereji ya Bwanali, mkewe Mwanakheri aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Zaina, wamekuja."

"Nina nini mimi cha kufuatwa?" Bwanali alijibu. Lakini spana aliyokuwa ameishika aliiweka chini.

Aliyeshuka alikuwa Dunstan, ofisa kijana wa wilaya, mtu wa Mbeya aliyeletwa kusini miaka miwili nyuma. Alikuwa peke yake na dereva wake. Alimwamkia Bwanali kwa heshima, akakataa kiti.

"Fundi, boti ya Mbwemkuru imekufa nguvu."

"Imekufa, au imekufa nguvu?"

"Inawaka vizuri tu. Ikifika katikati ya mto inalegea. Juzi maji yaliichukua karibu nusu maili, na mgonjwa yumo ndani. Nataka ukaikague, halafu uniandikie kwa mkono wako ni nini kilichoiharibu."

Bwanali alimtazama. "Kilichoiharibu, au aliyeiharibu?"

Dunstan alimtupia jicho dereva aliyekuwa ameegemea mlango wa gari akisikiliza. Kisha akasema, "Andika utakachokikuta, fundi. Basi."

Mwanakheri alimfungia mumewe shuka na mkate wa muhogo. Alipokuwa akimkabidhi alimshika kiwiko. "Mashine katengeneze. Lakini usiende kuwa shahidi wa kumfungisha mtu."

Bwanali alipokea furushi, akapanda gari. Maisha yake yote yalikuwa kutoa ushahidi juu ya mashine. Alizaliwa Nkowe kwa wakulima wa mtama, na akiwa na miaka kumi na mitano aliingia kwenye karakana zilizoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga, akajifunza kufungua matrekta yaliyokuwa yakiozea porini. Huko ndiko alikopata jina. Si kwa ustadi peke yake, kwa kuwa mafundi walikuwepo, bali kwa kutosema uongo juu ya injini. Aliwahi kumwambia mkuu mmoja, mbele ya watu, kwamba giaboksi ya gari lake ameivunja yeye mwenyewe kwa ulevi. Mkuu alinuna mwaka mzima, lakini gari lake lilipoharibika tena hakulipeleka kwa mwingine. Watu walisema, Bwanali akikwambia pampu imekufa, choma ubani, uizike.

Njia ya Ruangwa ilikuwa tope tupu. Yeye na dereva walisukuma gari mara tatu kabla ya Mandawa. Siku ya pili asubuhi dereva akamshusha mtoni akageuza gari, na Bwanali, aliyekuwa ameuona Mbwemkuru wakati wa kiangazi tu, ukiwa mchanga na vidimbwi, hakuutambua. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanakwenda bila kelele. Katikati yake ulipita mti mzima na mizizi yake, ukajigeuza taratibu kama ng'ombe anayejilaza, ukazama, ukaibukia mbali.

Ng'ambo kulikuwa na zahanati ya vijiji vitatu, na muuguzi wake alikuwa Teodosia. Masika yakishafunga barabara, boti ile ndiyo iliyokuwa daraja. Ilikuwa boti ya bati, imeachwa na wapima maji wa kigeni waliokwisha kwenda kwao, na nyuma yake imefungwa injini ya silinda mbili, ya aina ile ambayo oili yake huchanganywa humo humo ndani ya petroli. Mwendeshaji wake alikuwa Gregori, mgane wa miaka hamsini, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama. Alimsalimu Bwanali bila kumtazama usoni.

"Twende tuisikie," Bwanali akasema.

Gregori alivuta kamba, injini ikawaka mara ya pili. Pale pembeni ilinguruma safi. Walipoingia kwenye mkondo Gregori akaongeza moto, na kwa muda boti ilinyanyua pua. Halafu, theluthi moja ya mto, Bwanali alihisi kabla hajasikia: mtetemo chini ya makalio yake ulipungua. Sauti ikashuka, ikawa nene, kama mtu anayezungumza huku usingizi unamchukua. Moshi mweusi ukawazingira. Gregori alikuwa amefungua moto mpaka mwisho, na boti haiendi mbele wala hairudi. Imesimama palepale, maji yakiipita. Kisha ikaanza kurudi.

"Huwa inafanya hivi kila siku?"

"Kila siku inaanza mapema zaidi," Gregori alisema. "Mwezi jana ilikuwa inakaribia ng'ambo ndipo ichoke. Sasa umeona."

Walirudi kwa kuiachia boti ielee upande mpaka iliposhika matete, hatua mia nne chini ya gati. Kwenye ukingo, karibu na pale walipofunga kamba, mamba wawili walijitosa majini bila haraka.

Bwanali alianza kazi chini ya banda la makuti. Hakuwa mtu wa kufungua kabla ya kuuliza. Kwanza alimimina petroli kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie atazame kama maji yatajitenga chini. Hayakujitenga. Akakagua tundu la kupumulia kwenye mfuniko wa tangi, maana likiziba injini hunyongwa polepole; lilikuwa wazi. Chujio lilikuwa na taka kidogo, si za kutisha. Pangaboi halikuwa limelegea kwenye mhimili wake. Akachomoa plagi zote mbili. Cheche zilikuwa za bluu, nzuri, lakini plagi zenyewe zilikuwa zimevaa kitu cheusi kinachong'aa kama lami iliyokauka. Alikikwangua kwa ukucha, hakikutoka.

"Haya si masizi ya oili," alisema, akijisemea.

Gregori alikuwa amechuchumaa kando, anakata kijiti vipande vidogovidogo.

Bwanali akazirudisha plagi, akavuta kamba taratibu kwa mkono. Injini iliyo nzima hukataa kidogo. Unahisi inakusukuma, hewa imebanwa ndani haina pa kutokea. Hii haikukataa. Kamba ilikuja nyepesi kama anavuta ndoo tupu kisimani. Hapo akajua: ringi. Vyuma vile vyembamba vinavyozunguka pistoni havikuwa vinabana tena, na kila nguvu iliyozaliwa ndani ilikuwa inavuja. Injini ikiwa baridi bado ilijikongoja. Ikipata moto, inaisha.

Alifungua silinda kabla ya adhuhuri. Ringi zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake, zimezikwa ndani ya utomvu mweusi mgumu. Hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa zimegundishwa.

Ndipo vidole vyake vilipoanza kuwasha.

Mwanzo alidhani ni petroli. Akavifuta, akaendelea. Baada ya muda ngozi ya dole gumba na ya kidole cha shahada ilikuwa imegeuka kahawia, imeanza kuinuka malengelenge, na Bwanali aliketi chini akaitazama mikono yake. Hakuna mtoto wa Nkowe asiyejua alama ile. Kila msimu wa korosho, watoto wanaobangua kwa meno au kwa mawe hurudi nyumbani na midomo na vidole vya namna hiyo. Ni mafuta ya maganda. Huchoma ngozi, na yakipata moto hukauka yakawa gundi.

Alinusa tena ile petroli ya kwenye chupa. Safari hii alijua anatafuta nini.

"Gregori," alisema. "Njoo ukae hapa."

Gregori alikuja akakaa.

"Oili iliisha lini?"

Gregori alitupa kijiti chake. Halafu: "Februari. Wiki ya pili."

"Ukasema kwa nani?"

"Nilimwambia mtunza ghala wa serikali. Akaniuliza, lile pipa lililoletwa Novemba limekwenda wapi? Nikamwambia limekwenda kwenye injini, bwana, oili inaungua. Akasema hayo ukawaeleze wenyewe wakija, kwamba pipa zima limeungua." Gregori alikunja vidole vyake, navyo vilikuwa na makovu ya kahawia mpaka kwenye viungo. "Fundi, mwezi uliopita wamemchukua mwenye duka wa Ruangwa kwa ajili ya madebe manne ya mafuta ya kula. Mimi pipa zima nitalieleza vipi?"

"Ungesimamisha boti."

"Nilisimamisha. Siku mbili. Siku ya pili yule sista, Teodosia, alikuja ukingoni kule na shuka jeupe, akapunga kutwa nzima. Kulikuwa na mama ana uchungu. Mimi nimekaa hapa namtazama. Jioni shuka lilishuka, halikupanda tena." Akafuta mikono kwenye suruali. "Asubuhi yake nilikaanga maganda kwenye debe, nikakinga mafuta. Nikayachuja kwa kitambaa, nikachanganya na oili chafu ya lori. Injini ikakubali. Nikasema Mungu amesaidia."

Bwanali aliweza kuiona kesi nzima. Mali ya umma imeharibiwa kwa makusudi, na pipa la oili halionekani. Mkono wake mwenyewe wenye malengelenge ungetosha kuwa hati ya mashtaka. Haukuhitaji hata kuandika.

Alifanya kazi siku ile na iliyofuata. Alizilowesha pistoni kwenye mafuta ya taa tangu asubuhi mpaka alasiri, akazinyanyua ringi moja moja kwa wembe, kwa pumzi iliyozuiwa, maana zikivunjika hakuna nyingine karibu kuliko Dar es Salaam. Moja ilipata ufa kwenye ncha. Akairudisha hivyo hivyo. Alikwangua mifereji kwa kipande cha msumeno wa chuma, akazibua njia ya moshi iliyokuwa imebaki tundu la kupitisha penseli. Kisha akamfuata dereva wa lori la korosho lililokwama Mandawa, akamwomba galoni moja ya oili safi kwa jina la Mungu, na yule, akitazama nyuma na mbele, akampa.

Walipoijaribu, injini ilivuka mto mara moja bila kulegea. Teodosia alikuwa amesimama ng'ambo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, akapiga makofi kama mtoto.

Waliporudi, Bwanali alimkabidhi Gregori lile galoni na kifuniko cha chupa cha kupimia. "Hiki kwa kila lita ya petroli. Sikiliza vizuri. Oili hii ikiisha, usiwashe. Hata sista apunge shuka mpaka mkono uanguke, usiwashe. Ringi moja ina ufa. Ukiitia tena utomvu ule, haitachoka polepole kama mwanzo. Itakamata na kuganda mara moja, hapo katikati."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Oili ikiisha, siwashi."

Bwanali akaomba karatasi na kalamu. Alikaa nayo mbele yake muda mrefu, vidole vimefungwa kitambaa. Kisha akaandika: *Ringi zimeisha kwa uzee wa injini. Nimezisafisha. Zinahitajika mpya.* Akatia jina lake, lile jina ambalo halijawahi kutiwa chini ya uongo, akaikunja karatasi mara nne.

Dunstan aliisoma ofisini Nachingwea, akaigeuza nyuma kama anatafuta kitu kingine. "Ni uzee tu, fundi?"

"Ni uzee."

"Hakuna jingine?"

Mlango ulikuwa wazi, na nje katibu wake alikuwa anapiga taipu. Bwanali aliweka mikono yake nyuma. "Hakuna."

Dunstan alimtazama kitambo, akaonekana kama mtu aliyekosa basi. "Wewe ndiye unayesema. Basi," akasema, akaiweka karatasi kwenye faili.

Bwanali alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alikula, akalala. Lakini kuanzia siku iliyofuata hakupata raha. Mvua ikinyesha alisimama mlangoni akihesabu: galoni moja, safari nne kwa siku, petroli kiasi gani. Alijua siku ambayo lile galoni lingeisha, karibu kwa saa. Alijiambia, Gregori ameahidi. Alijiambia pia kwamba atatuma ujumbe, akatafuta gari la kwenda Mandawa, magari hayapiti. Siku ile ilipofika alishinda gerejini bila kushika kitu. Ikapita. Ikapita ya pili. Mvua ikaendelea.

Habari ilifika Jumanne ya kwanza ya Mei, imeletwa na mwalimu aliyetembea kwa miguu mpaka Ruangwa. Boti ya Mbwemkuru imechukuliwa na maji. Walikuwemo watu wanne.

Bwanali hakusubiri gari. Alikwenda kwa baiskeli, akaisukuma kuliko alivyoipanda, siku mbili. Alimkuta Teodosia upande huu wa mto, nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja umefungwa vijiti. Alikuwa akimvusha mgonjwa kumpeleka hospitali, msichana aitwaye Stumai aliyekuwa na mimba changa inayotoka damu, pamoja na mama yake.

"Ilikuwa inakwenda vizuri, fundi," Teodosia alisema. "Nilimwambia hata Gregori, leo boti yako ina afya. Hakucheka. Alikuwa anaitazama injini tu, haitazami mto. Halafu ikapiga kelele, kama chuma kinakwangua jiwe. Ikanyamaza."

"Ghafla?"

"Ghafla. Tukageuka kinyumenyume. Alivuta kamba, haikuvutika hata kidogo. Tuligonga mti uliosimama majini, boti ikalala ubavu. Mimi na mama yake tulimpandisha Stumai kwenye matawi. Gregori alikuwa bado nyuma kule, maji yamemfika kifuani, anavuta kamba. Nilimwita, Gregori, iache, iache! Boti ikateleza kutoka kwenye mti, ikaenda naye."

Walikuwa wamekaa juu ya matawi yale mpaka siku ya pili. Stumai alipona. Mimba haikupona. Gregori alipatikana siku ya tatu, chini sana, na wavuvi waliomzika hukohuko hawakutaka kueleza walichokizika.

"Shuka ulipunga wewe?" Bwanali aliuliza.

Teodosia aliinua uso. "Nilipunga siku mbili. Kwa nini?"

Bwanali alitikisa kichwa. Akaiendea baiskeli yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Dunstan, na tope lake miguuni. Alifunga mlango wa ofisi mwenyewe bila kuombwa, akasema yote: maganda, pipa, oili ya lori, ringi yenye ufa, uongo. Alisema amekuja afungwe.

Dunstan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta faili, akatoa barua zake mbili zilizorudishwa, akazisukuma mezani. Ya kwanza ilikuwa ya Februari, ya pili ya Machi. Zote ziliomba oili ya boti ya Mbwemkuru. Juu ya ile ya pili mtu wa ngazi ya juu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Pipa la Novemba lilitosha mwaka. Leta uthibitisho wa fundi.*

"Nilijua oili imeisha," Dunstan alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikupeleka wewe kwa sababu hakuna mtu katika mkoa huu anayebisha ukisema wewe. Nilitaka uandike mstari mmoja tu, injini hii inaungua kwa kukosa oili. Nisingemgusa yule mzee. Ningeambatanisha, ningetuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Pale gerejini? Mbele ya dereva yule?" Alicheka bila furaha. "Na hapa, mlango ukiwa wazi? Siku hizi, fundi, mtu anayetafuta oili kwa bidii sana huulizwa anaitakia nini. Nilidhani utaandika ulichokiona. Sikufikiri kama nawe unaogopa."

"Sikujiogopea mimi."

"Najua."

Dunstan akamsogezea karatasi. Nje taipu iliendelea kugonga.

Bwanali aliandika karatasi ya pili palepale, ndefu kuliko ya kwanza, hakuacha kitu. Dunstan aliituma. Polisi walimweka Bwanali ndani siku nane kwa kutoa taarifa ya uongo, wakamwachia bila kueleza. Dunstan alihamishwa mwezi Juni. Wengine walisema amepanda cheo, wengine walisema sivyo.

Oili ilikuja Julai, mapipa mawili mapya yenye muhuri, yakashushwa chini ya lile banda la makuti. Wakati huo Mbwemkuru ulikuwa umerudi kuwa mchanga na vidimbwi, na wanawake waliokwenda zahanati walivuka kwa miguu, viatu mkononi. Wilaya ilimwita Bwanali aende kuyapokea na kutia saini kwamba ni oili ya aina inayotakiwa. Alikwenda. Alifungua kila pipa, akachovya kidole, akakisugua na kusubiri, macho kwenye ngozi yake, jua likimpiga kisogoni, zaidi ya saa nzima, mpaka mtunza ghala akamuuliza anasubiri nini.